Ulimi wa Zaïtoun

Wanaomsema Zaïtoun hapa Tanambao, mtaa wetu wa Mahajanga, wengi wao hawakumjua. Wamesikia tu kwamba palikuwa na mwanamke aliyepita nyumba kwa nyumba na chupa ndogo yenye karatasi ya manjano, akiwasihi watu wang'oe muhogo wao. Wamesikia pia kwamba alikuwa mchawi. Mimi nilikuwa wifi yake. Kaka yangu Halidi alipotaka kumwoa nilikataa, nikasema Mahajanga nzima imejaa wanawake, ya nini kwenda kuchukua mke kisiwani Nosy Be? Hakunisikiliza. Mpaka leo sijasema kwamba nilikosea, ila mwanamke yule nilimjua, na habari yake itakuwa kama nitakavyoiandika mimi. Naandika polepole, kwa herufi za chuo cha Kurani, na asiyeweza kungoja aende zake.

Habari yenyewe ni ya miguu ya mtoto. Zaïtoun alizaa mara nne akabaki na mmoja, Nadjma, na kila alichokipanda baada ya hapo alikipanda ili mtoto yule asimame, atembee, akue. Nasema mapema msije mkadhani ni habari ya muhogo.

Kwao ni Marodokany, Nosy Be, pale penye kuta za maduka ya zamani zilizoliwa na mizizi. Asubuhi alichuma maua ya milangilangi katika shamba la watu, mikono ikanukia hata akikupa sahani unahisi unakula manukato. Jua likipanda anakwenda kilimani kwake. Alikuwa mfupi, mwenye shingo ngumu, na alikuwa hacheki mpaka akuchekeshe wewe kwanza. Halidi alikuwa baharia wa meli za pwani, leo Diego Suarez, kesho Mahajanga, akimpitia mkewe kama mtu anayepitia dukani.

Kilichomfanya Zaïtoun ajulikane ni ulimi. Muhogo uko mtamu na uko mchungu, na ule mchungu una sumu. Huo sharti uuloweke mpaka ulainike, uuanike, uutwange, ndipo ule. Mtamu unaumenya tu ukautia sufuriani. Lakini ukishang'olewa na kutiwa kikapuni, yote inafanana. Zaïtoun alikuwa hatii mzizi motoni bila kuuonja. Anakata kipande kwenye ncha, kibichi, anakitafuna kwa meno ya mbele, anafumba macho, anangoja. Kisha anatema na kutoa hukumu: "Huu sufuriani." Au: "Huu ukalowe." Palipokuwa na harusi au hitima wanawake walimpelekea vikapu vizima, naye akaketi katikati yao kama kadhi. Sikuwahi kusikia mtu ameumwa tumbo kwa muhogo uliopita kwenye ulimi wake.

Mwaka mmoja baada ya bendera mpya kupandishwa, nilikwenda Nosy Be kumpa pole. Mtoto wake wa tatu alikuwa amekufa, Nadjma akiwa wa miaka minne. Nikakaa mwezi. Nikamkuta na msiba mwingine kilimani. Majani ya muhogo yalikuwa yamekunjamana kama ngumi ya mtoto mchanga, yana madoa ya manjano, na chini ya ardhi mzizi hauzidi kidole. Shamba zima. Zaïtoun alikuwa akipita kati ya mistari akiyafungua majani kwa vidole, moja moja, kama anayetafuta chawa kichwani.

"Ukiyanyoosha yatapona?" nikamuuliza.

"Wewe wifi, ukikosa la kusema huwezi kunyamaza?"

Ndipo akaja bwana Razafy. Alikuwa kijana wa nyanda za juu, shati limepigwa pasi, kandambili zimekatika, mtu wa wale wanaochunguza mbegu na magonjwa ya mimea. Zamani kazi hiyo walikuja kuifanya Wazungu, na walikuwa hawasalimii. Huyu alisalimia, akaketi chini, akaomba maji.

"Mama," akasema, "mti huu unaumwa. Ugonjwa unabebwa na vijidudu vyeupe chini ya jani, tena unasafiri ndani ya kijiti. Ukipanda kijiti kigonjwa umepanda ugonjwa."

"Kijiti hiki nimeachiwa na bibi yangu."

"Bibi yako hana kosa. Lakini uchome moto."

Zaïtoun akamtazama kama aliyetukanwa. Yule kijana akafungua gunia lenye maji, ndani yake vijiti vya muhogo vimefungwa matita, vimenona, macho yake yamevimba tayari kuchipua. Akasema hivi haviugui. Akaeleza kwamba watu wake walichukua unga wa ua la mti wa mpira, ule wa porini unaotoa maziwa, wakautia kwenye ua la muhogo. Mtoto aliyezaliwa wakamrudisha kwa muhogo tena, na wajukuu vilevile, miaka na miaka, mpaka wakapata muhogo wenye damu kidogo ya mpira. Ugonjwa ukija unakuta mlango umefungwa.

"Ngoja," akasema Zaïtoun. "Mmemwoza muhogo kwa mpira?"

"Tunaweza kusema hivyo."

"Na mahari alipokea nani?"

"Serikali, mama."

"Na sisi wa upande wa bibi harusi hatukualikwa," nikasema mimi, na hapo Zaïtoun akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Lakini bwana Razafy hakukaa sana na kicheko. Akasema wazi, nami nilikuwepo, kwa hiyo asije mtu akanambia hakusema: katika ukoo ule wako watamu na wako wachungu, na wachungu ni wachungu kwelikweli. Akatoa chupa ndogo na vipande vya karatasi ya manjano. Ukikata muhogo mbichi ukautia chupani, ukaning'iniza karatasi juu yake na kuziba, sumu ikiwemo karatasi inageuka rangi. Ikiwa kidogo, hudhurungi hafifu. Ikiwa nyingi, nyekundu kama tofali.

"Una mizizi ya miti hiyo hapo?" akauliza Zaïtoun.

Alikuwa nayo kwenye kikapu, ya kuonyesha watu. Zaïtoun akaitaka. Basi wakakaa chini ya ukuta wa duka bovu, yeye na ulimi wake, kijana na chupa yake. Anatafuna, anafumba macho, anatema: "Huu ukalowe." Chupa inakaa, karatasi inageuka nyekundu. "Huu sufuriani." Karatasi inabaki manjano. Mzizi baada ya mzizi, hapakuwa na mmoja waliopishana juu yake. Majirani walikusanyika, na yule kijana mwenyewe alikuwa akipiga makofi.

Akamwachia vijiti vya ile mitamu. Akataka kumwachia chupa na karatasi pia.

"Za nini?" akasema Zaïtoun. Akautoa ulimi wote nje. "Karatasi yangu hii hapa. Haiishi, tena hailowi."

"Zichukue, mama. Mti uleule ukiupeleka kwenye udongo mkavu unaweza kugeuka. Ukikosa maji unajaza sumu kwenye mzizi. Leo mtamu, mwaka wa ukame mchungu. Kila ukihama shamba, pima upya."

"Mwanangu, mimi naonja kila siku ninayopika. Siku gani utakuja unikute sijaonja?"

Kijana aliiacha chupa na karatasi hivyohivyo juu ya jiwe. Zaïtoun aliitia mafuta ya nazi ya kumpaka Nadjma nywele, na zile karatasi nikamwona mtoto akizitafuna, nikamnyang'anya. Zaïtoun akazisweka chini ya kifuniko cha sanduku.

Mtoto wa nne alizaliwa akafa. Baada ya hapo Halidi akasema mke wake hakai tena peke yake, akampangishia nyumba Tanambao, ukuta mmoja na wangu. Zaïtoun alishuka bandarini Mahajanga na vitu vitatu: sanduku, Nadjma, na gunia lenye maji la vijiti vya muhogo.

"Watu huleta dhahabu," nikamwambia.

"Dhahabu utaitafuna?"

Alipata kipande cha ardhi Amborovy, upande wa uwanja wa ndege, mahali ambapo wakati ule palikuwa na mchanga, miiba na upepo tu. Alipanda ukaota. Majani safi, mapana, hayana doa. Na sisi watu wa huku tuna desturi: kijiti cha muhogo hakiuzwi wala hakinyimwi. Anayeomba anakatiwa, hata kama ni adui yako, na anayekatiwa hasemi asante, eti mti hautazaa. Muhogo wa mtaa mzima ulikuwa unakufa kwa ule ugonjwa wa kukunjamana, kwa hiyo watu walikuja na mapanga. Zaïtoun akawakatia wote. Roukia, mke wa mchinjaji huko Boanamary, alikuja na mkokoteni akaondoka nao umejaa, akapiga domo njia nzima wala hakushukuru, ilivyo adabu. Kabla ya kukata, Zaïtoun alikuwa akimenya mzizi mbele ya mgeni, anatafuna, anasema, "Mtamu, upande bila hofu." Watu wakapanda kwa kuuamini ulimi wake. Palipokuwa na ua, palikuwa na muhogo wa Zaïtoun nyuma yake.

Miaka ikapita, mizuri tu. Nadjma akawa msichana mrefu, miguu yake mirefu kama ya korongo. Alikuwa hatembei, anakimbia. Ukimtuma chumvi anarudi kabla hujakumbuka ulimtuma nini. Zaïtoun alikuwa akisimama mlangoni kumtazama anavyokimbia, na mara nyingi nilimkuta midomo inachezacheza, anaomba dua.

"Unamwombea nini? Mzima kama farasi yule."

"Wale watatu nao walikuwa wazima, wifi."

Ukaja mwaka ambao mvua zilikataa. Ilikuwa mwaka wa nane wa uhuru, au wa tisa. Kwa kawaida Novemba ikiisha mawingu yanapanda kutoka mto Betsiboka, lakini mwaka ule mbingu ilikaa nyeupe, na vumbi jekundu likakaa juu ya kila kitu hata juu ya maji ya kunywa. Mchele ukaadimika. Meli ya Halidi ilikuwa imepandishwa chelezo Diego Suarez na mabaharia wamekwama nayo, hana la kuleta nyumbani. Samaki Zaïtoun alimpata siku mojamoja. Chakula chake kilikuwa kule Amborovy. Nilikwenda naye siku moja, nikaona ajabu: nyasi zimekufa, miiba imekufa, na katikati muhogo wake umesimama kijani, majani yanang'aa. Mti ulioshiba wakati kila kitu kina njaa unatazamwa mara mbili.

Mwezi wa Ramadhani ukaandama katika ukame huo.

Nadjma alikuwa amebaleghe, na huo ndio ulikuwa mwezi wake wa kwanza kufunga wote. Alijivuna, akatangazia mtaa mzima. Mama yake naye alifunga kama anavyofanya kila kitu, kwa shingo ngumu. Asubuhi wanang'oa muhogo Amborovy, mchana wanarudi nao, alasiri wanaupika kwa tui la nazi na iliki, na sukari kama ipo, uwe tayari adhana ya magharibi. Uliobaki wanaukata vipande, wanauanika juu ya paa siku ile tu, wanautwanga, unakuwa uji wa daku. Muhogo ukishang'olewa haungoji. Ukiuacha mpaka usiku ili uuonje baada ya kufuturu, umeshaanza kuwa na mistari ya buluu.

Siku za mwanzo nilimwona anamenya moja kwa moja mpaka sufuriani.

"Leo huonji?"

"Nimefunga."

"Kuonja kwa mpishi kumeruhusiwa." Na nikaenda mpaka kwa fundi Ibouroi, mwalimu wa Kurani aliyetusomesha watoto wote wa mtaa, kuuliza. Akasema ncha ya ulimi na kutema haivunji saumu. Nikamletea jibu.

Zaïtoun hakuacha kumenya. "Hiyo ni kwa mchuzi, kujua chumvi. Mimi naonja kwa kutafuna, Koulsoum, na maji ya muhogo yanashuka yenyewe. Saumu ya kubahatisha siitaki. Nina watatu chini ya ardhi na mmoja juu yake. Huyu mmoja namwombea kwa saumu nzima."

"Basi nipe nionje mimi. Leo mimi sifungi, ni siku zangu."

"Wewe? Ulimi wako unajua kuonja maneno ya watu tu." Akacheka. "Mti huu nimeuonja Nosy Be, nimeuonja hapa miaka mingapi. Umekuwa nani sasa, hata nisimjue?"

Jioni, adhana ikiisha, Nadjma alikuwa wa kwanza kutia tonge. Siku moja nilikuwepo. Akatafuna, akakunja uso.

"Mama, una uchungu."

Zaïtoun akaonja. Nikamwona anafumba macho kama ilivyo kawaida yake, kisha akayafumbua haraka. "Ni kinywa cha saumu," akasema. "Aliyefunga kinywa chake kina uchungu wake. Hata mimi nausikia. Kunywa maji, ule."

Mtoto akanywa maji, akala. Usiniulize kwa nini mtu mwenye ulimi ule alisema neno lile. Nimelifikiria miaka yote hii. Alikuwa ameushindisha ulimi ule tangu alfajiri bila tone la maji, na siku ile, kwa mara ya kwanza, alidhani si wa kuaminiwa.

Yakaanza mambo madogo. Baada ya futari Nadjma analalamika kichwa kinazunguka. Anatapika kidogo, analala. Mimi mwenyewe nilikula kwao mara mbili tatu, nikaona ukuta unaniinamia, nikasema ni shauri ya kula kwa pupa. Mume wangu alikuwa na mchele wake kidogo, kwa hiyo nikarudi kwenye sahani yangu. Zaïtoun alimwona mtoto anadhoofika, akafanya anavyofanya mama yeyote: akamwongezea. "Kula mwanangu, upate nguvu ya kumaliza mwezi."

Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Asubuhi walikuwa wanatoka kwenda shambani, mimi nafagia mlangoni. Nadjma alichuchumaa kuchukua panga, akainuka, akaanguka. Akainuka tena kwa kushika ukuta. Miguu ilikuwa inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi.

"Acha mchezo, jua linapanda," mama yake akasema.

"Mama, haikunjiki."

Alijaribu kutembea. Visigino havikugusa chini. Alikwenda kwa ncha za vidole, magoti yanasuguana, mguu unapita mbele ya mwenzake kama mkasi. Alipofika mlangoni kwangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Zaïtoun alisimama na kikapu kichwani. Hakukitua. Nilikwenda nikamtua mimi.

Hospitali daktari alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, na mguu ukaruka kama ulioumwa na nge. Akauliza homa. Hakukuwa na homa. Akasema ule ugonjwa wa kupooza watoto huja na homa, tena mguu hulegea, na huu umekaza. Hajui ni nini, arudishwe baada ya siku kuu. Mtaani walijua. Mmoja akasema ni pepo wa mto, mwingine akasema wale ndugu zake watatu wanamvuta kwa miguu. Zaïtoun alisikia hilo la pili. Jioni ile alimpakulia sahani mbili.

Bwana Razafy alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Watu wake walikuwa wamemtuma kuangalia jinsi miti yao inavyostahimili ukame, na mtu alimwambia Amborovy kuna shamba la kijani. Alikuwa amenenepa kidogo, sasa ana viatu. Alitukuta pale, mimi na Zaïtoun tunang'oa, na Nadjma ameketishwa kivulini kwa sababu mama yake hakutaka kumwacha nyumbani peke yake. Alipomtambua Zaïtoun alifurahi kama aliyeona ndugu.

"Mama wa Marodokany! Tazama watoto wangu walivyopendeza! Hakuna jani moja lenye doa!"

"Karibu, mkwe," akasema Zaïtoun, lakini sauti ilikuwa tupu.

Akazunguka shamba anayapapasa majani, anasema peke yake. Nadjma akainuka kumsalimia, adabu aliyofundishwa, akaenda kwake kwa vidole, miguu inapishana. Bwana Razafy alikuwa ameshika jani. Aliliachia.

"Hali hii imemwanza lini?"

Tukamwambia.

"Mnakula nini?"

Mwenyewe akatazama kikapu.

"Mnauloweka?"

"Wa nini kuuloweka?" akasema Zaïtoun. "Ni ile mitamu yako."

Alichukua mzizi mmoja, akaukata kwa kisu cha mfukoni, akautia kwenye chupa kama ile ya zamani, akaning'iniza karatasi, akaziba. Kwa kawaida mtu anasubiri, anazungumza mengine. Tulikuwa bado tumeinama karatasi ikaanza kuiva kutoka chini, manjano ikawa kama chai, chai ikawa tofali. Akatoa mzizi mwingine, wa mstari wa mbali. Ikawa vilevile.

"Nilisema," akasema polepole, hakusema kwa kushutumu. "Mvua ikikosekana..."

Zaïtoun alichukua kisu mkononi mwake. Akakata kipande kwenye ncha, kibichi. Jua lilikuwa utosini, Ramadhani haijaisha, na barabarani watu walikuwa wanapita. Akakitia mdomoni.

"Wifi!" nikasema.

Akatafuna kwa meno ya mbele. Akafumba macho. Niliona uso wake unakunjamana kama yale majani ya zamani ya Nosy Be. Nikangoja ateme. Hakutema. Alimeza, akakata kipande kingine, na bwana Razafy akamkamata mkono, wakashindana pale, yeye mdogo kijana mkubwa, mpaka kisu kikaanguka mchangani.

"Miguu yake itarudi?" akauliza, mkono wake bado umeshikwa.

"Sijui, mama. Mimi ni mtu wa mimea. Najua tu kwamba kitu hiki kisiingie tena mdomoni mwake."

"Nimekuuliza miguu."

Kijana akauachia mkono, akaokota kisu.

Miguu haikurudi. Haikuzidi pia. Ilikaa palepale ilipofika asubuhi ile, kama saa iliyosimama. Halidi aliporudi akamchongea bintiye fimbo ya mkoko, akaipiga msasa wiki nzima, amempa mkewe mgongo. Zaïtoun alirudi Amborovy peke yake akang'oa shamba lote, akachoma moto. Kisha akafungua sanduku, akazitoa zile karatasi alizozisweka chini ya kifuniko, akaosha chupa ya mafuta ya nywele kwa majivu mpaka ikang'aa. Alikuwa amekumbuka kila aliyemkatia kijiti.

Huo ndio uliokuwa wakati aliopita nyumba kwa nyumba. Nilikwenda naye siku nyingine, na nilisikia alivyojibiwa.

"Ulimi wako si ndio uliosema mtamu?"

"Ulikuwa mtamu. Umegeuka."

"Basi utageuka tena ukirudi."

Wengine walimwambia ni kijicho, shamba lake limeungua anataka na ya wenzake yaungue. Wengine walisema aliyefungua mdomo mchana wa Ramadhani mbele ya mwanamume asije kuwafundisha watu kula. Wachache waliogopa wakaloweka. Wengi walitazama majani yao yasiyo na doa, wakakumbuka yale yaliyokunjamana, wakamfungia mlango taratibu. Huko Boanamary Roukia alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamwambia, "Zaïtoun mwenzangu, kijiti ukishanipa ni changu. Na watoto wangu tazama, wanakimbia." Kweli walikuwa wanakimbia. Mvua zilikuwa zimeanza kunyesha wakati ule, muhogo ukatulia, karatasi ikatoka hudhurungi tu, na Zaïtoun akaonekana mwongo.

Mwaka uliofuata mvua zikachelewa tena.

Ramadhani ilipoingia, daktari alimkataza Nadjma kufunga. Alilia, kisha akaacha kulia. Siku ya kwanza, alasiri, nilitoka nikamkuta amekaa mlangoni, fimbo imelazwa mapajani, kikapu cha jirani mbele yake. Alikata kipande kwenye ncha. Akatafuna kwa meno ya mbele, akafumba macho. Alikuwa mama yake mtupu.

"Huu ukalowe," akasema, akatema.

Mtaa mzima umefunga, na ulimi uliokuwa wazi mchana ulikuwa wake yeye. Zaïtoun alikuwa ndani, ameketi na chupa yake, anapima kila mzizi ambao binti ameshauhukumu. Hakutaka kutoka kumtazama. Wanawake waliomfungia mlango mwaka jana walianza kuja, mmoja, halafu wawili, wanaweka kikapu mbele yake. Na kila kikapu kilikuwa ni ukalowe, ukalowe, ukalowe.

Katikati ya mwezi ukaja mkokoteni kutoka Boanamary. Tuliutambua. Lakini aliyeukokota alikuwa Allaoui mchinjaji mwenyewe, mume wa Roukia, mtu ambaye sikuwahi kumwona amebeba kikapu cha jikoni. Akautua mbele ya Nadjma.

"Roukia anasema umwonjee."

Nadjma akachukua mzizi. Kutoka ndani nikasikia kiti kinasogea. Zaïtoun alikuwa amesimama nyuma ya pazia.

"Mbona hakuja mwenyewe?" akauliza kutoka hukohuko.

Allaoui alipangusa jasho, akatazama fimbo iliyolala mapajani kwa mtoto, kisha akatazama barabara aliyotoka.

"Atakuja," akasema. "Tangu juzi miguu inamsumbua kidogo."